Nepi Ambayo Sikuifua

Wajukuu wangu wawili waliugua kuhara wiki moja, mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, na kabla hawajapona mama zao walikuwa hawasemezani. Kuhara kwa watoto nimekuona tangu nipate akili. Nimeuguza wa kwangu, nimeuguza wa wenzangu, na wengine tuliwazika. Lakini watu wazima kununiana kwa ajili ya choo cha mtoto, hilo lilikuwa geni kwangu, na lilinikosesha raha hata baada ya kuhara kwenyewe kukoma.

Mtoto wa kwanza ni wa binti yangu, ambaye ni mwalimu huko Tanga. Alipanda kwangu likizo na mwanawe wa kiume, ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Huyo namwita mgosi wangu, maana kwetu Ushambaani mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, apende asipende. Wa pili ni wa mke wa mwanangu mkubwa. Nyumba yao iko chini kidogo ya yangu, ukiteremkia kwenye mashamba ya kabichi. Huyo ni wa kike, alikuwa bado anatambaa. Ni mke mwenzangu, na tunagombana naye kama wake wenza wanavyogombana.

Likizo ile walikuwa kitu kimoja. Beseni la kuogea moja, sahani ya viazi vya kupondwa moja, kijiko kimoja, paja la bibi moja. Kwetu watoto wa ukoo mmoja hawatengewi sahani. Ukimtengea mtoto sahani unawaambia watu kwamba una neno na mama wa mwenzake. Basi siku moja mmoja wao akatapika uji, na kabla jua halijazama mwenzake naye anaharisha maji matupu. Nani alianza? Hapo ndipo penye vita. Binti yangu ataapa kwamba aliyeanza ni wa kike. Mkwe wangu ataapa kwamba wa kiume alikuwa anaharisha toka asubuhi, mama yake akasema ni mabadiliko ya hewa. Mimi nilikuwa shambani nang'oa karoti. Niliporudi nikawakuta wote wawili macho yameingia ndani na midomo imekauka.

Sikuuliza nani. Nikamwambia mwanangu atafute gari.

Hospitalini hawakutuchelewesha. Wa kike akawekewa dripu, wa kiume akanyweshwa maji ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika anapumzishwa, kisha anaanzwa tena. Vitanda vyao vikapakana. Mama mmoja huku, mama mmoja kule, mimi katikati juu ya benchi.

"Mama," binti yangu akasema, kwa sauti ya kusikika kitanda cha pili, "maji yenu haya ya mfereji yataua watu."

"Wifi," mkwe wangu akajibu bila kugeuka, "maji hayo ndiyo yaliyokukuza mpaka ukawa mwalimu."

"Kwangu mtoto anakunywa ya kuchemsha."

"Na joto la kwenu linachachusha hata yaliyochemshwa. Mtoto alipanda mlima na tumbo lake, wifi. Huku amekuja kulifungulia tu."

"Nyamazeni," nikasema. "Mkitaka kupigana kuna kiwanja pale nje, nami nitawashikia vitenge vyenu."

Mama mmoja wa kitanda cha dirishani akacheka, na hao wawili wakanyamaza. Lakini baadaye, nilipokuwa nampangusa mtoto uso, binti yangu akaniambia polepole, bila kunitazama: "Mama, huku simleti tena. Ukitaka kumwona, utashuka Tanga."

Nilimjibu kwamba mtoto kwanza apone. Moyoni lilinikaa vibaya. Tanga naijua, nilikwenda harusini nikarudi nimevimba miguu kwa joto. Na mtoto asiyeletwa kwa bibi yake hukua akimsikia bibi kama anavyosikia habari za redioni. Anajua yupo, basi. Nilitaka yule mtoto anijue mkono wangu, na ajue nikikasirika ninakuwaje.

Asubuhi yake akaja binti mmoja mwenye koti jeupe. Alikuwa mtu wa bara, si Mshambaa, lakini amelelewa. Alinipa shikamoo kabla ya yote, akachuchumaa mbele ya benchi langu ili nisiinue shingo. Akasema yuko kwenye utafiti. Wanakusanya choo cha watoto wanaoletwa hospitali kwa kuhara, kidogo tu, kwenye kichupa, ili kikapimwe kwenye maabara kubwa.

"Choo cha huyu mjukuu wako kipo, bibi?"

"Hakipo," nikamwambia. "Nimeshafua."

Kwangu nepi hailali chafu. Mama yangu alinifundisha hivyo kwa fimbo, nami nimewafundisha wanangu hivyohivyo. Nepi ikichafuka unaimwaga chooni, unaisuuza, unaifua, unaianika, ndipo unaketi. Nyuma ya wodi palikuwa na bomba na karo, maji ya baridi ya kukata vidole, nami nilikuwa mtu wa kwanza kufika pale kila alfajiri. Yule binti akatabasamu, akasema atapita tena.

Akapita mchana. Nimeshafua. Akapita jioni. Nimeshafua, na nepi ya mtoto wa kitanda cha dirishani nimefua pia, kwa sababu mama yake alikuwa mvivu.

"Bibi," yule binti akasema, safari hii amekaa kabisa chini, "mbona unanikimbiza hivi?"

"Sikukimbizi. Wewe unachelewa."

"Basi niambie unaamka saa ngapi, nije nilale hapa mlangoni."

Wote wodini wakacheka, hata mkwe wangu, aliyekuwa hajacheka tangu tufike. Nikamwuliza yule binti wanachokitafuta ni nini, maana kuhara ni kuhara. Akanieleza kwamba wanaougua hivi wengi wao wana mdudu aitwaye rota, mdogo hata haonekani kwa macho. Lakini rota si mmoja. Wako wa aina nyingi, wamefanana sura, ndani yao wametofautiana. Aina iliyoenea mwaka huu yawezekana siyo ya mwaka jana.

"Huyu wangu alipewa yale matone ya chanjo ya kuhara kule kliniki," nikasema. "Wote wawili walipewa. Mbona wameugua?"

"Matone yanapunguza makali, bibi. Mtoto bila matone angeweza kuletwa hali yake mbaya kuliko hii. Lakini aina zikiwa nyingi, na zinabadilika, inabidi tuwe tunaangalia ni zipi zilizopo, na kama matone bado yanaziweza."

Hapo nikamwelewa. Sisi tunalima viazi. Kuna ule ugonjwa wa majani kuwa kama yamemwagiwa maji ya moto, unaingia shambani na ukungu, na siku chache baadaye huna kitu. Dawa iliyoukomesha mwaka huu, mwaka ujao yaweza kuupunguza tu. Bwana shamba akija hataki umwonyeshe shamba lililosafishwa. Anataka jani lenye ugonjwa, alishike, aligeuze. Na mimi tangu asubuhi nilikuwa nampelekea bwana shamba wangu majani yaliyooshwa.

Nikamwambia kesho atapata. Kisha likanijia jingine.

"Hawa wawili wamelala nyumba moja, wamekula sahani moja. Mnaweza kujua kama mdudu wao ni mmoja?"

Akafikiri kidogo. "Inawezekana, bibi. Lakini majibu ya aina huchukua miezi. Na sisi hatutafuti nani kamwambukiza nani."

"Sijakuuliza nani. Nimekuuliza ni mmoja au ni wawili."

Akasema atawauliza wakubwa zake kama anaruhusiwa kuturudishia majibu. Nikasema awaulize, na awaambie ni bibi mkali.

Niliwaona wale mama wawili wametega masikio. Binti yangu akakubali pale pale, akatia saini ya kiualimu, ndefu yenye mkia. Mkwe wangu akakataa.

"Mama," akaniambia, "choo cha mwanangu kiende kwa watu nisiowajua, mji nisioujua?"

Sikumcheka. Kwetu vitu vya mtoto haviachwi ovyo. Kitovu kinazikwa kwenye migomba, nywele za kwanza hazitupwi njiani. Na yeye anatoka nyumba ya watu wanaojua mambo hayo kuliko sisi tuliokulia misheni.

"Mwanangu," nikasema, "kitovu chake nani alikizika?"

"Wewe, mama."

"Nilikuonyesha mgomba wenyewe au sikukuonyesha?"

"Ulinionyesha."

"Basi cha kuzikwa tumezika. Hiki nimekimwaga chooni tangu jana, ndoo kwa ndoo, hujauliza kinakwenda wapi. Leo mtu kaomba kiasi cha kijiko kwa adabu, ndiyo umekumbuka kuwa ni mali?"

Akavuta blanketi la mtoto. Binti yangu, ambaye angefanya vizuri kunyamaza, akasema akitazama dirishani: "Anaogopa majibu."

"Naogopa nini?" Mkwe wangu akamgeukia yule binti wa koti. "Lete kalamu."

Kwa hiyo wote wawili walitia saini kwa sababu kila mmoja alikuwa na hakika atashinda. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na wasiwasi. Nilishaona kwamba mdudu akiwa mmoja, ugomvi utabaki palepale, tena umepigiwa muhuri na maabara. Sala yangu siku ile ilikuwa fupi: Bwana, wawe wawili.

Yule binti aliniachia vipande vya nailoni vya kutandika ndani ya nepi, akaniomba jambo moja, nisiguse mpaka afike. Sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Asubuhi nepi ya mgosi wangu ikachafuka, nami nikakaa naitazama. Mama wa dirishani akanitania, "Bibi, mikono inakuwasha?" Nikamwambia atazame ya kwake. Nilijifunika khanga mpaka puani, nikaimba tenzi moja yote kimoyomoyo. Binti alipofika na vichupa vyake nilimwambia, "Chukua, mwanangu, chukua upesi, kabla sijaaibika." Akachota cha huyu, akachota cha yule, akaandika pembeni ya kila kichupa, akaniambia asante kana kwamba nimempa mbuzi.

Watoto walipona. Mgosi wangu siku ile ile jioni alidai uji kwa kupiga kikombe kwenye chuma cha kitanda. Mke mwenzangu alichelewa kidogo, halafu akaanza kuvuta waya wa dripu, nikajua amerudi. Tulitoka hospitali na jua, milima imeoshwa, na mimi nikiwa na furaha ya kutosha, isipokuwa ndani ya gari mmoja alikaa mbele na mwingine nyuma kabisa. Keshokutwa yake binti yangu akashuka Tanga. Aliniaga mimi, akamuaga kaka yake, akapita mbele ya mlango wa wifi yake akitazama kabichi.

Mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Nilikuwa namwona mtoto kwenye simu ya mwanangu. Namwita, "Mgosi wangu, mbona umeniacha na baridi hii?" naye anaibusu simu mpaka inakata. Nikimwuliza mama yake kama watapanda Krismasi, ananijibu, "Tutaona, mama." Najua neno hilo. Asemaye tutaona ameshaona.

Mkwe wangu naye hakuwa na amani. Ni mtu mwema, ananichotea maji, ananiletea mboga kabla hajapika zake. Lakini jina la wifi yake likitajwa anaanza kufagia, hata mahali palipofagiwa.

Vuli ilikuwa imeshaanza siku niliyomwona yule binti wa utafiti anapanda njia yetu. Pikipiki ilikuwa imemwacha chini kwa sababu ya utelezi, akapanda kwa miguu, kalowesha viatu. Wakubwa zake walikuwa wamekubali, na kwa kuwa alikuwa amekuja kwenye kazi zake hospitalini, akaona anipandie mwenyewe. Nilimkalisha jikoni penye moto, nikampa viazi na maziwa. Alipotaka kuanza kusema nikamzuia.

"Ngoja. Usiniambie mimi peke yangu, watasema nimeongeza chumvi."

Nikamwita mkwe wangu, akaja na mtoto mgongoni. Nikampa simu, nikamwambia ampigie wifi yake. Alinitazama kama nimemwambia ashike nyoka. Nikamkazia macho. Akapiga, akaweka sauti ya nje, akaiweka juu ya kigoda kati yetu kama mtu wa nne.

"Haya, sema," nikamwambia yule binti.

Akasema kwa utaratibu, polepole, kama mtu anayehesabu mayai. Watoto wote wawili walikuwa na rota. Lakini rota wa mmoja ni aina moja, na wa mwingine ni aina nyingine kabisa. Akazitaja. Majina yao ni herufi na namba, kama namba za gari, sikuyashika na sikuona haja. "Kwa vile tulivyoona kwenye vipimo," akasema, "hakuna aliyempa mwenzake. Kila mmoja aliupata wake mahali pake."

Kuni zikalia. Mimi nilitamani kupiga vigelegele, nikajizuia, maana niliwaona nyuso. Mmoja nilimwona, wa pili nilimsikia akipumua kwenye simu. Hawakufurahi hata kidogo. Miezi yote ile kila mmoja alikuwa anangoja kuambiwa ameshinda.

"Sasa wa kwangu," mkwe wangu akasema, "ulitoka wapi?"

"Popote, dada. Mikono, kijiko, kitu ameokota akatia mdomoni. Sokoni. Hata kanisani, watoto wanashikana."

"Kanisani!"

"Na wa kwangu?" simu ikasema. "Huku ninachemsha kila kitu."

"Mdudu huyu hata kwa wanaochemsha anafika, mwalimu. Mtu mwenye mikono misafi kabisa anaweza kumpata. Labda alikuja naye kutoka huko, labda alimpata njiani kwenye basi."

"Kwa hiyo mnachukua choo, mnapima miezi yote hii, mnatuambia popote?"

"Ndiyo namshangaa, wifi," mkwe wangu akasema, ameinamia kigoda. "Popote! Si hata mimi ningesema popote?"

"Umesikia hiyo ya kanisani, wifi?"

"Nimeisikia. Ati kanisani. Mchungaji akisikia je?"

"Na mabasi. Nilimpakata mapajani safari nzima, hakugusa hata kiti."

"Mtoto hagusi? Huyo wa kwako, wifi, aliyekula sabuni yangu?"

Simu ikacheka. Mkwe wangu akacheka, mtoto mgongoni akacheka kwa kutikiswa. Yule binti wa watu akanitazama amechanganyikiwa, viazi mkononi, hajui kosa lake ni lipi. Nikamwongezea maziwa. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kula, mwanangu. Umefanya kazi kubwa. Hawa wakimaliza kukusema watakuwa wamepatana." Na ndivyo ilivyokuwa. Walimsema mpaka salio likaisha, na kesho yake binti yangu akapiga simu mwenyewe, si kwangu, kwa wifi yake, wakaendelea.

Sikumwuliza tena habari ya Krismasi. Yeye ndiye aliyemtuma kaka yake aniulize kama mapeasi yameiva, nami nikajibu yameiva, aje na vikapu.

Wamepanda juzi. Gari limesimama chini, mgosi wangu ameteremka wa kwanza na viatu vipya, kwanza akanikimbia kwa aibu, halafu akajirudi akanishika sketi. Amekua. Pua inamchuruzika mpaka mdomoni. Mkwe wangu alikuwa mlangoni kwake, mtoto wake amesimama amemshika mguu, naye anapiga chafya.

"Haya!" mkwe wangu akapaza sauti. "Wifi, umefika na mafua yako!"

"Nimeyakuta hapo mlangoni kwako, wifi, yamesimama yenyewe!"

"Mpigieni simu yule binti aje na vichupa!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi nikawaambia waache kelele, wawafute watoto pua, wanawe mikono kwa sabuni, wote, na wakubwa wakiwemo, maana viazi vinapoa. Wakanawa. Nilisimama pale pale penye ndoo nikiwatazama vidole mpaka wa mwisho akamaliza, na ni binti yangu, mwalimu mzima, niliyemrudisha akasugue tena kucha.